Afisa probesheni anajuaje huyu atarudia kosa na huyu hatarudia? Ngoja niwaeleze inavyokwenda

Mleta uzi

Wakuu salama? Juzi kuna mtu aliandika kwenye uzi mwingine kwamba maafisa probesheni wanabahatisha tu, ukimlilia vizuri anakuandikia ripoti nzuri unarudi kwenu. Nilitaka nimjibu palepale nikaona jibu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe, bora nianzishe wa kwangu. Hii ndiyo kazi yangu, huu mwaka wa kumi na sita, na kuna mahali nitakubaliana na yule jamaa, ila siyo pale anapodhani yeye.

Kwa wasiojua, mtu akishatiwa hatiani hakimu anaweza kusema subiri kwanza, faili liende kwa afisa probesheni alete ripoti. Hakimu anataka kujua huyu ni mtu wa aina gani, amefikaje hapa, na akipewa kifungo cha nje, yaani probesheni, itakuwaje. Unapewa siku chache. Ndani ya hizo siku uongee naye, uongee na ndugu zake, ikiwezekana uongee na aliyetendewa kosa, upitie rekodi zake za nyuma, halafu ukae uandike kurasa tatu nne ambazo kwa kiasi kikubwa ndizo zitasema mtu analala wapi mwezi ujao. Na akishapewa probesheni kazi ndiyo kwanza inaanza, maana kila wiki kuna uamuzi, aje kuripoti mara ngapi, apewe masharti gani, akikosa kuja nimrudishe mahakamani au nimuite nimsikilize.

Na haya mambo siyo mapya. Mtu anayetajwa kuwa ndiye alianza hii kazi ni fundi viatu mmoja wa Boston, Marekani, John Augustus, mwaka 1841 alimchukulia dhamana mlevi aliyekuwa anapelekwa jela, akarudi naye mahakamani baada ya wiki tatu jamaa amebadilika mpaka watu wanashangaa. Mpaka anafariki 1859 alishadhamini watu karibu elfu mbili. Lakini msidhani alikuwa anaokota yeyote tu. Mwenyewe aliandika kwamba alikuwa anaangalia tabia ya mtu huko nyuma, umri wake, na watu watakaomzunguka akishatoka. Ukiichukua fomu ninayojaza mimi leo ukaikamua, ni hayohayo matatu yamevaa suti.

Sasa fomu. Kuna nyingi, ila inayojulikana sana duniani inaitwa LSI-R, ina maswali 54, na walioitengeneza ni Andrews na Bonta, watafiti wa Kanada. Inauliza makosa ya nyuma, shule na kazi, hela, familia, anapoishi, muda wa mapumziko anafanya nini, marafiki, pombe na dawa za kulevya, hali ya akili, na mtazamo wake kuhusu sheria na kuhusu alichofanya. Kila swali ni kuna tatizo au hakuna, unajumlisha, unapata alama, alama inakuambia huyu yuko kundi la chini, la kati au la juu.

Kuna vitu havibadiliki, umri aliokamatwa mara ya kwanza hata ufanye nini huwezi kuupandisha. Hivyo vinabashiri vizuri kweli lakini havikupi pa kushika. Kazi yangu iko kwenye vile vinavyobadilika, marafiki, kazi, kinywaji, maana hapo ndipo naweza kugusa.

Kitu watu wa nje hawaelewi ni kwamba maswali ya fomu huwezi kuyauliza kama yalivyo. Ukimuuliza kijana "una marafiki wahalifu?" atakujibu hapana afisa, sina marafiki kabisa, nashinda nyumbani. Mimi huwa namwambia nieleze jana yako, kuanzia ulivyofumbua macho. Niliamka saa nne. Nani kakuamsha? Hakuna. Ukafanya nini? Nikaenda kukaa pale kwa wenzangu. Akina nani? Anataja wanne, wawili nina mafaili yao kabatini. Nani alinunua sigara? Kimya. Dakika kumi tu na nimeshapata kazi, marafiki, muda wa mapumziko na hela, na yeye anaona tumepiga stori.

Halafu unathibitisha. Mama yake atakuambia mtoto wangu ni mpole, wale ndio wamemharibu. Kila mama anasema hivyo na mara nyingi anaamini anachosema. Sasa mimi namuuliza mama, akichelewa kurudi unampigia nani simu? Jina atakalotaja ndilo nalitafuta.

Sasa pale ninapokubaliana na yule jamaa. Fomu ikishatoa alama, sheria zetu za kazi zinaruhusu afisa aibadilishe akiwa na sababu, aipandishe au aishushe. Na hapo ndipo tunapobahatisha. Tena tunabahatisha kwa upande mmoja tu.

Nitawapa ya kwangu. Miaka ya mwanzo nililetewa kijana wa miaka 22, wizi, kosa la kwanza, ana kibarua, anaishi na dada yake. Alama ya chini kabisa. Lakini alikuwa ananijibu kwa neno moja moja, haniangalii usoni, nikimuuliza unajutia anasema "ndiyo" kama mtu anayeulizwa kama mvua inanyesha. Hakunikaa rohoni. Na wiki ileile mtu wa mwenzangu, aliyekuwa kwenye probesheni, alikuwa amemjeruhi mtu vibaya, ofisi nzima imepoa kama kuna msiba, kila mtu anapekua mafaili yake. Nikampandisha yule kijana kutoka chini kwenda juu. Sababu niliyoandika ni "mtazamo". Akatakiwa kuripoti kila wiki asubuhi ya siku ya kazi, pamoja na kikao cha kikundi na watu wenye rekodi ndefu. Mwezi wa pili akaachishwa kibarua kwa sababu ya ruhusa za kila wiki. Mwezi wa nne akakosa kuripoti mara mbili. Mwezi wa sita akakamatwa tena, safari hii na watu wawili aliokutana nao kwenye kikao changu mwenyewe.

Na mnajua ofisini walisema nini? Bosi aliniambia "uliona mbali". Faili lilionyesha nilisema ni hatari na kweli akawa hatari, nikapongezwa.

#2

Duh. Kwa hiyo ulimtengeneza mwenyewe halafu ukapewa sifa 😐

#3

Mkuu swali la kizembe, kwa hiyo mtu akija amenyoa, shati limepigwa pasi, anajibu "ndiyo mheshimiwa", hapati nafuu yoyote?

Mleta uzi

#2 ndiyo, huwezi kulisema vizuri zaidi ya hapo.

#3 kwenye fomu hakuna swali la shati wala la machozi. Kwenye kichwa cha afisa lipo, hilo siwezi kudanganya. Kulia hakumo kabisa kwenye zile alama 54 na kuna sababu, nimeona wanaolia kwa uchungu wa kweli wakarudi baada ya wiki mbili, na nimeona wenye uso mkavu ambao sikuwaona tena. Yule kijana wangu kuja kugundua, kwao ndivyo walivyo, dada yake naye anajibu hivyohivyo, neno moja anakutazama kiatu.

Hili lina historia ndefu. Mwaka 1928 mtafiti mmoja wa Marekani, Burgess, alichukua mafaili ya watu 3,000 walioachiwa kwa msamaha wa masharti huko Illinois, akatoa mambo 21 ya kuhesabu, jambo moja pointi moja, hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Meehl akakusanya tafiti zilizopambanisha mtaalamu anayetumia uzoefu wake na hesabu rahisi za namna hiyo, mtaalamu akawa anapigwa au wanatoka sare. Toka hapo tafiti zimerudiwa mara nyingi na wimbo ni uleule. Uzoefu wangu wa miaka 16 unauma kusikia hivyo lakini ndivyo ilivyo.

#5

Nimesoma yote na bado sijaridhika. Dada yangu alikuwa anapigwa na mumewe. Mume ana kazi nzuri, ana nyumba, hanywi, hajawahi kukamatwa, marafiki zake wote watu wa heshima. Afisa akaandika hatari ya chini. Kwa hizo alama zenu 54 huyu ni malaika. Sisi kwenye familia tulijua kabisa huyu atamuua. Sasa niambie fomu hapo ilisaidia nini.

Mleta uzi

Dada/kaka #5 pole sana, natumaini yuko salama. Na uko sahihi, sitaitetea fomu kwa hilo.

Ile fomu inajibu swali moja tu, huyu mtu kwa ujumla ana uwezekano gani wa kukamatwa tena kwa kosa lolote. Haijibu nani ataumizwa wala ataumizwa kiasi gani. Kibaka wa simu anaweza kuwa na alama za juu kuliko mume wa aina hiyo, na kweli kibaka atarudia, lakini ataiba simu nyingine. Mume hatarudia mara nyingi, ila siku akirudia inaweza kuwa mazishi. Afisa aliyechanganya hayo mawili kakosea kazi.

Kwa kesi za ndani ya nyumba kuna fomu zake, na maswali ni mengine kabisa. Amewahi kumkaba koo? Hilo nikisikia nasimamisha kalamu, hata kama hakuna alama shingoni, maana ni moja ya dalili nzito sana kwamba huyo mwanamke anaweza kuja kuuawa na huyohuyo mtu. Ametishia kumuua, au kujiua? Ana silaha? Anamfuatilia simu na mizunguko yake? Mwanamke ameondoka, au amesema anaondoka? Watu wanadhani akishaondoka hatari imeisha, kumbe kipindi cha kuachana ndicho kibaya kuliko vyote. Na swali lingine ni la kumuuliza mwanamke mwenyewe, wewe unaogopa nini? Akisema anaogopa atauawa, hiyo haiandikwi kama hisia za mlalamikaji, inaandikwa kama taarifa. Ila akisema haogopi usipumue, wengi wamezoea.

Hapo kupandisha alama siyo kubahatisha. Naweza kuitaja sababu, naweza kusema fomu haikuuliza hiki, na mtu mwingine akisoma faili ataiona. Yule kijana wangu sababu ilikuwa "mtazamo", yaani hofu yangu imepewa jina la kitaalamu.

#7

Mimi nafanya mambo ya data. Kwa nini haya yote yasiachiwe kompyuta tu? Binadamu mna uchovu, mna chuki, mna bosi. Programu haina bosi.

#8

#7 hiyo ilishajaribiwa Marekani, tafuta habari za programu inayoitwa COMPAS. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichukua matokeo ya kaunti ya Broward, Florida, wakakuta watu weusi ambao hawakuja kurudia kosa walikuwa wamepewa alama ya hatari ya juu kwa kiwango cha karibu mara mbili ya weupe ambao hawakurudia. Kampuni iliyoitengeneza ikajibu hapana, ukimchukua mweusi na mweupe wenye alama sawa, wanarudia kwa kiwango kinacholingana, kwa hiyo haina upendeleo. Na kichekesho ni kwamba wote walikuwa wanasema kweli. Wataalamu wa hesabu wakaja kuonyesha kwamba kama makundi mawili yanakamatwa kwa viwango tofauti, huwezi kutimiza hizo haki mbili kwa wakati mmoja labda programu iwe haikosei kabisa. Lazima uchague ni haki ipi, na hiyo siyo kazi ya kompyuta.

Halafu 2018 watafiti wawili, Dressel na Farid, wakaonyesha kwamba watu wa kawaida tu waliookotwa mtandaoni wakapewa maelezo mafupi walibashiri sawa na hiyo programu, na kwamba umri na idadi ya makosa ya nyuma peke yake vinafikia palepale. Vitu viwili. Programu yenyewe ilikuwa na taarifa 137.

#7

Sawa, hiyo ya vitu viwili imenichoma 😂

Mleta uzi

#8 umenirahisishia. Niongeze kimoja tu, "makosa ya nyuma" siyo makosa aliyofanya, ni makosa aliyokamatwa. Penye polisi wengi watu wanakamatwa zaidi, alama zinapanda, uangalizi unaongezeka, wanaonekana zaidi, wanakamatwa zaidi. Mimi naiona ile alama inapanda kama ngazi na najua nusu ya ngazi tumeijenga sisi. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Wisconsin, hukohuko Marekani, kesi ya Loomis 2016, iliruhusu hakimu aione alama ya COMPAS ila isiwe ndiyo inayoamua hukumu, na iandamane na maonyo ya mapungufu yake. Ni sawa kwa karatasi. Ila mtu akishaona "HATARI YA JUU" kwa herufi kubwa, maonyo ya chini ni kama yale ya kwenye pakiti ya sigara.

#11

Hesabu ndogo kwa wanaosema "wafungeni tu wote wenye alama ya juu". Tuseme una watu 1,000 na 20 kati yao kweli watakuja kufanya unyama mkubwa. Tuseme una fomu nzuri kuliko zote, inawanasa 16 kati ya hao 20, na inamsingizia mtu mmoja tu kati ya kila watano wasio na shida. Wasio na shida ni 980, kwa hiyo imesingizia 196. Jumla wenye alama ya juu 212, wenyewe halisi 16. Kila watu 13 unaowafungia, 12 wasingefanya kitu. Na wanne wa kweli wamekupita wako mtaani. Kitu kikiwa adimu ndivyo kinavyokutesa.

#12

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Miaka miwili ya probesheni. Nitawaambia ambacho afisa wangu hakukijua, kwenye foleni ya kuripoti ndiko nilikopata dili zangu zote. Mnatukusanya asubuhi moja chumba kimoja, mmoja katoka kwa ujambazi mwingine kwa bangi, masaa matatu hakuna kazi, mnategemea tuongee nini?

Na kitu kingine, nilikuwa namdanganya kila kitu isipokuwa kimoja. Aliwahi kuniuliza "siku ambayo ulikuwa karibu kufanya kosa ukaacha, ilikuwaje?" Hakuna mtu alishaniuliza hivyo. Nikamwambia ukweli, ilikuwa mtoto wangu ana homa, nikasema nikikamatwa leo nani atampeleka hospitali. Toka hapo kila nikienda anaanza na habari za mtoto. Sikumpenda lakini nilikuwa siwezi kumdanganya vizuri tena.

Mleta uzi

#12 ya foleni imenichoma kisawasawa. Yaani nilichokifanya kwa yule kijana kwa kikao, wewe umefanyiwa na benchi la kusubiria. Hii haijifichi kwenye tafiti pia, ndiyo kanuni ya kwanza ya kina Andrews na Bonta toka 1990, nguvu zako peleka kwa wenye hatari ya juu, wa chini waache waishi, ukiwabana sana unawaharibu. Unamvunjia kazi, unamtenga na watu wazuri aliokuwa nao, unamkutanisha na wabaya. Tunaifundisha kwenye kila semina, halafu tunarudi ofisini tunamripotisha kila mtu kila wiki kwa sababu kumwona mara nyingi kunaonekana ni kazi.

Na swali lako la "siku uliyoacha" naliiba, kesho naanza nalo. Sisi fomu zetu zimejaa yanayomsukuma, yanayomshika tunaandika mstari mmoja pale mwisho.

#14

Shikamoo mkubwa. Mimi ni afisa mpya, mwezi wa tano huu. Nina kesi ninayotakiwa kuiwasilisha, alama ni ya chini, mimi naona ya chini ni sahihi, lakini msimamizi wangu anasema "weka ya kati, kujilinda". Hajanipa sababu nyingine. Nikiweka ya chini na akifanya kitu nimekwisha. Unafanyaje hapo?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kujilinda ndiyo ugonjwa wenyewe niliouandikia uzi mzima, ila sitakuambia uwe shujaa, mimi mwenyewe nina watoto wanakula.

Ninachofanya ni hiki. Andika alama kama ilivyotoka. Chini yake andika nani anataka ibadilishwe na kwa sababu gani, kwa maneno yake. Mpelekee asaini. Usimpelekee kwa shari, mpelekee kawaida tu, "mkuu nimeweka mapendekezo yako hapa, naomba uongeze sababu". Nimefanya hivyo mara nyingi na mara nyingi kalamu inasita palepale, anakurudishia faili anasema acha tu kama ilivyo. Wachache wanaandika sababu, na kati ya hao wengine huwa wameona kitu kweli ambacho mimi sikukiona, hapo nabadilisha bila kinyongo.

Halafu kwenye ripoti usimwandikie hakimu "hatari ya chini" ukaishia hapo. Andika hatari ya kufanya nini, kwa nani, katika hali gani, na ni dalili gani tukiziona tujue imepanda. Kwa mfano akiacha kazi, akirudi kwa fulani, akianza tena kinywaji, piga simu. Siku ikitokea la kutokea, faili litaonyesha uliangalia nini na ulikuwa unategemea nini.

Kosa lake ni nini huyo mtu wako, kama siyo siri? Na anaishi na nani?

#14

Kuharibu mali, alivunja dirisha la mwajiri wake wa zamani, alidhulumiwa mshahara. Anaishi na bibi yake. Ndiye anayempa bibi dawa za presha asubuhi na jioni.

Mleta uzi

Hiyo ya dawa za bibi umeiandika kwenye ripoti?

#14

Hapana. Fomu haina sehemu yake.

Mleta uzi

Iandike. Na asubuhi usimpangie kuripoti.